Simchinji Jogoo

Nilisema simchinji jogoo, na sikumchinja. Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Lembeni, na wifi yangu kutoka Dar, wakae kikao nyumbani kwetu Same, na ajenda niliijua: kumchukua binti yangu wa mwisho akalelewe na huyo shangazi yake. Kisa? Eti kwangu nyama hailiwi, mtoto amekonda.

Amekonda wapi! Alizaliwa mwembamba. Hata mimi nimekulia Bombo, kule mlimani, mwembamba hivyo hivyo, na mizigo ya kuni niliibeba bila kusaidiwa na mtu.

Nyama nimepunguza, sikatai. Biashara ya mahindi ya mume wangu iliyumba, nikaacha kwenda buchani. Mwanzoni niliona aibu, nikawa nafunga mlango wakati wa kula ili jirani asije akachungulia sufuria. Biashara ilipokaa sawa, buchani nikawa naenda mara moja moja tu, kwa sababu nilishajua kupika. Napika ndizi na maharage. Napika kunde za nazi, na mchicha wa karanga ambao watoto wangu wanaugombania mpaka wanakwangua sufuria. Dagaa nawakaanga na nyanya hadi wakauke, na harufu inafika barabarani. Sasa nani aniambie hicho si chakula?

Asubuhi ya kikao mume wangu alinifuata jikoni, akaniuliza taratibu kama kisu nimekinoa.

"Cha nini?"

"Si cha kumchinjia jogoo."

"Nikimchinja nimekubali kesi," nikamwambia. "Nitakuwa nimesema kwa mkono wangu mwenyewe kwamba tunachokula hapa siku zote si chakula cha watu."

Akaguna, akatoka. Mume wangu ni mtu wa kuguna, ndivyo alivyo.

Nikapika makande. Kwetu Upareni makande ndiyo chakula chetu cha kila siku, cha kutoka shambani na kujaza tumbo. Mgeni humwekei makande mezani, sembuse mama mkwe! Nilijua, na ndiyo maana niliyapika. Mahindi niliyatwanga mpaka ganda likatoka, nikayaloweka na maharage tangu jana yake, nikayachemsha kwa kuni hadi yakawa laini. Nikaunga kwa kitunguu, karoti, tangawizi kidogo na tui zito. Niliogopa, nisiseme uongo. Kumtoa mtoto wangu mlangoni na begi mgongoni nisingeweza.

Wakafika. "Shikamoo mama." "Marahaba." Binti yangu naye akaamkia, bibi yake akamkagua kuanzia kichwani hadi miguuni. Tukanawa, nikapakua. Wifi akawa anageuzageuza kijiko kwenye sahani, anatafuta.

"Jamani wifi! Kule Dar wakisema Wapare wabahili mimi nagombana nao. Kumbe wanasema kweli!"

"Usijisumbue wifi, nyama haimo," nikamjibu. "Na jogoo yupo hapo nje, anakusikia."

Mama mkwe nusura acheke, akajizuia. Kisha akaingia kwenye neno lililomleta. Shangazi ana uwezo, akasema, kwake nyama ni kila siku na maziwa yapo, mtoto atanawiri, na likizo atakuwa anakuja kututembelea.

"Mtoto haendi," nikasema. "Hata mkiniitia mchungaji, haendi. Nimemzaa na nimemlisha, na hajalala njaa hata siku moja."

"Unajibizana na mimi?"

"Hapana mama. Mmekuja kuniuliza, nami nawajibu."

Hapo hakuna aliyekula tena. Nilikuwa nimeshaandaa maneno mengine, makali zaidi, na Mungu anajua ningeyasema. Lakini mume wangu aliweka kijiko chini.

"Mama," akasema, "mimi nikiwa mdogo mlinipeleka Maore kwa baba mkubwa, mkasema nikale vizuri. Nyama nilikula, siwezi kusema sikula. Nilikuwa nabakiza kipande, naficha mfukoni, nikupe ukija kuniona. Kinakaa mpaka kinaoza, nabadilisha, naweka kingine."

Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akilisema hilo. Mama mkwe alikuwa anaangalia sahani yake.

"Kule Maore walinikataza nisije," akasema hatimaye. "Walisema ukiniona hutazoea."

Wifi akataka kuongea, akaanza na habari za shule nzuri za kule Dar. Mama yake hakugeuka hata kumtazama.

"Wewe kula," akamwambia.