X nyekundu kwenye kota za Biharamulo

Juzi, kwenye kota za serikali Biharamulo mjini, nilimkuta ofisa mipango akipiga X nyekundu kwenye ukuta wa nyumba ya nesi mmoja wa makamo aliyekuwa akianika maharage uani.

"Shikamoo mama. Tunabomoa, tujenge ghorofa."

"Marahaba. Fedha za kujenga zimekuja?"

"Zimekuja za kubomoa. Za kujenga ziko kwenye mpango."

Mama akafuta mikono kwenye kanga, akamnyang'anya brashi, akachora X kwenye mlango wa gari la ofisi.

"Na hili limechakaa, baba. Liacheni hapa mtembee, mpaka jipya liingie kwenye mpango."

Dereva alikimbilia petroli na kitambaa, akaisugua mpaka ikatoka. Kumbe X inafutika. Basi wailete petroli hiyohiyo ukutani, maana mama hahami.