Pembe ya Muratina Kutoka Ngoingwa Hadi Ruiru

Sababu ya safari ilikuwa moja: kijana wangu Kimani alitaka kuoa Ruiru, na kwetu Wakikuyu mambo ya mahari hayasongi kabla pombe ya wazee haijakubaliwa. Wazee huonja na kusema yao, lakini neno la mwisho ni la binti. Anaitwa mbele ya watu, anapewa pembe ya kunywea, anaonja, kisha anampa baba yake. Asipoonja, mnarudi kwenu. Na binti mwenyewe, Wambui, alikuwa ameokoka. Tangu azaliwe hakuwa ametia pombe mdomoni. Hapo ndipo usingizi ulianza kunihepa.

Kule kwangu Ngoingwa niliitengeneza muratina, pombe yetu ya asali, kwa ajili ya ulimi wake. Nikaongeza asali, nikaitoa mapema kabla haijawa kali. Ikatoka na rangi ya chai ya rangi, laini, inanukia asali. Siku zote hizo nililala peke yangu, maana mwenye kutengeneza muratina hukaa mbali na mkewe, la sivyo inaharibika.

"Ikiwa mbaya usinitazame mimi," Mama Kimani aliniambia. "Mimi nililala kwa watoto."

Jumamosi asubuhi mimi, Mama Kimani na Kimani tuliondoka kwa pikapu ya jirani yetu Kamau. Nilikuwa nimeufunga mtungi wa plastiki wenye muratina kwa nguvu zangu zote, nisije nikafika kwa wakwe nikinuka kama mlevi.

Kufika Witeithie, mtungi ulikuwa umevimba.

"Mzee, hii kitu yako inahema," Kamau akasema.

Asali ilikuwa bado inachacha. Tukasimama kando ya maduka, nikalegeza kifuniko, povu likaruka hadi kwenye koti langu la kanisani. Nikaonja kwa kidole nijue kama imegeuka. Sikusikia ladha yoyote, mdomo ulikuwa umekauka kwa woga. Nikampa Kamau aonje. Akasema iko sawa, lakini Kamau hata uji ulioungua husema uko sawa.

Ruiru tulipokelewa vizuri na Mzee Mwangi, babake Wambui. Mimi macho yangu yalikuwa kwa ndugu ya mzee huyo, Njoroge wa Githurai 45, ambaye ukoo mzima humwita aje aonje. Nilikunywa kwanza, waone sikuwaletea sumu. Kisha Njoroge akapokea pembe, akanusa, akazungusha mdomoni.

"Ni laini," akasema.

"Asante, mzee."

"Sijamaliza. Ni laini mno. Muratina inafaa kumuuma mtu kidogo. Hii mngewapa watoto wakienda shule."

Wazee wakacheka. Mimi sikuweza.

"Njoroge, si wewe unaolewa," Mzee Mwangi akamwambia, akamwita binti yake.

Wambui aliingia na kitambaa chake kichwani. Baba akamwekea pembe mikononi.

"Wambui, pombe hii tuinywe?"

Aliitazama kwa muda. Kimani aliinamisha kichwa. Mama Kimani alinishika mkono, akaufinya mpaka nikaumia. Nilijua kabisa kwamba tumekwisha, na nikaanza kufikiria jinsi tutakavyorudi nyumbani na kijana wetu kimya kwenye pikapu. Kisha Wambui akafumba macho, akanywa, akameza, akampa baba yake.

"Inyweni," akasema.

Nilitaka kulia, na sioni haya kusema hivyo.

Jioni, kabla ya kuondoka, nilimfuata pale alipokuwa akiosha vikombe.

"Mwanangu, uliionaje? Niliitengeneza kwa ajili yako."

Akacheka kwa aibu, akatazama chini.

"Baba, ni chungu. Chungu sana."

Tukiwa njiani kurudi nilimsimulia Mama Kimani, naye akacheka mpaka tukapita Juja. "Asali yote ile," alikuwa akisema. Nyuma mtungi mtupu ulikuwa ukigongagonga.

Basi hilo ndilo nililotoka nalo Ruiru. Siku kijana wangu wa pili akioa, nitaiacha pombe ikomae, imuume Njoroge kama anavyotaka. Msichana akimpenda mwanangu, atameza.