Bushi ya Bronzi ya Fundi Winfrida

Mimi Ashura wa Ujiji sipendi kukosolewa, na anayenikosoa kuliko watu wote ni Winfrida, mama wa Kiha mwenye mashine ya kukereza vyuma pale Bangwe. Anavaa ovaroli juu ya gauni, na akiwa kazini ukimwita mara mbili haitiki. Ukimwita mara ya tatu anakuuliza kama kuna msiba.

Nilimwendea kipindi cha mbalamwezi. Siku hizo dagaa hawafuati taa zetu, kwa hiyo maboti yanapandishwa mchangani kutengenezwa. Giza likirudi, chombo lazima kiwe majini. Kisipokuwa tayari, wavuvi wanahamia kwa mwenye chombo kizima, na nahodha wangu Erasto alishaniambia hivyo, kwa adabu zote.

Nikamtupia Winfrida mezani bushi iliyolika, ile pete ndefu inayoshikilia shafti ya propela.

"Ya tatu hii! Bronzi yako laini kama mhogo wa kuchemsha. Shafti yangu ni ya nikeli, hata kutu haijaiona. Nikerezee na bushi ya nikeli, yaishe." Nikamwekea kipande nilichokipata kwa muuza vyuma chakavu.

Akakipitishia tupa, ikateleza. Akaipitisha kwenye bronzi, ikang'ata, unga wa manjano ukamwagika.

"Umeona? Nikeli ngumu, na kila ukiikata inazidi kukaza. Bronzi inakubali kulika. Vyuma viwili vikisuguana, Mama Ikram, kimoja lazima kiliwe. Unataka kiliwe kipi? Bushi ninayoikereza kwa siku moja, au shafti usiyoipata Kigoma nzima?"

"Nataka visiliwe vyote!"

"Basi vitashikana."

"Sema tu unaogopea visu vya mashine yako."

"Na visu naviogopea," akasema, akanigeuzia mgongo.

Loo, nilivyochukia! Nikabeba kipande changu hadi Buzebazeba kwa Alphonce, fundi asiyejua kukataa kazi. Alivunja visu vitatu, akatukana, lakini akanitolea bushi inang'aa kuliko vijiko vya harusi. Nikaipaka mawese kwa mkono wangu, maana marehemu baba alipaka mawese kila kitu kinachozunguka.

Siku moja kabla ya giza tukajaribu boti. Likatoka Bangwe vizuri, mimi nimekaa mbele nimevimba kichwa. Hatujafika mbali, huko chini kitu kikapiga kelele kama mbuzi anayekamatwa, moshi wa mawese ukapanda, boti zima likanukia maandazi. Shafti ikasimama kabisa. Nikeli ilikuwa imeng'ang'aniana na nikeli. Tukarudi kwa kuvutwa na mtumbwi wa makasia, na ufukwe mzima ukipiga vigelegele.

Winfrida hakucheka. Aliikata ile bushi ya nikeli, akatoa shafti imechunika vibaya. Hapo nililia. Si aibu, ni woga, kwa sababu Erasto na wenzake wanne walikuwa mlangoni, mabegi begani.

Akaiweka shafti kwenye mashine, akaikereza polepole mpaka michubuko ikaisha. Ikapungua unene wa ukucha.

"Na bushi je, fundi?" nikauliza. "Hiyo nayo siku nzima. Hawa watu hawatanisubiri."

Akavuta droo. Ndani mlikuwa na bushi ya bronzi, imekamilika nje kote, tundu lake tu limeachwa dogo.

"Niliianza siku ile ile ulipoondoka na hasira zako," akasema. "Tundu sikulimalizia."

"Kwa nini?"

"Nilijua shafti itarudi nyembamba."

Erasto alicheka mpaka akakalia begi lake. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilimpenda yule mwanamke kuliko ndugu zangu wa damu.

"Nisamehe, fundi."

Akanipa kopo la mafuta. "Dondoshea hapa, taratibu. Na usiongee mpaka nimalize."

Nikadondoshea, kimya.