Siku Mbili za Kutazamwa Getini

Kabla ya kozi yetu kuandikwa, mtafiti alikuja kukaa nasi getini siku mbili. Alitoka chuo kimoja cha mjini Kajiado. Walitaka kutunga mtaala wa kufunza walinzi, na hawakutaka kukisia. Wangezunguka geti kwa geti, waone kazi yenyewe ilivyo, halafu masomo yatokane na walichokiona.

Mimi nilikuwa na miezi mitatu kwenye geti kubwa la mtaa wa nyumba za kupanga, Kitengela. Gari la mgeni likifika nilitakiwa kuandika namba ya gari, jina, kitambulisho, nyumba anayoenda na saa. Huwa naandika polepole. Nilimaliza darasa la nane hivyo hivyo, insha zangu zote zimekatikia katikati. Herufi nazijua, lakini kila moja naichora. Jioni foleni ilirefuka, na mara mbili ilifika barabarani. Msimamizi aliniambia ikifika tena atanipeleka geti la nyuma. Watu wakipunguzwa, huanzia geti la nyuma.

Siku moja kabla ya mtafiti kuja, msimamizi alituita. "Huyo madam akikuja mkae vizuri. Asiende kutuanika huko Kajiado."

Mwenzangu wa zamu, mzee wa Kimaasai aliyezoea kunitania, akacheka. "Basi huyu kijana akae mbali na kalamu. Akianza kuandika, madam atalala hapa."

Tukapanga hivyo. Mzee angeandika, mimi ningesalimia watu na kufungua geti.

Mtafiti alikaa kwenye kiti cha plastiki, daftari mapajani, simu ikihesabu dakika. Mzee aliandika bila kuinua kichwa. Herufi zake ni mbaya lakini zinakimbia.

"Soja, leo umepandishwa cheo?" dereva mmoja aliniuliza. "Nilikuwa nimekuja na chakula, nikijua ni ile foleni yako."

Nikafungua geti. Mtafiti alicheka kidogo, akaendelea kuandika.

Siku ya pili aliniita kando, akaniuliza ni kitu gani kinanisumbua zaidi kazini. Akangoja. Jibu nilikuwa nalo. Msimamizi alikuwa amesimama karibu na tangi la maji, anatutazama.

"Vumbi," nikasema.

Akaandika vumbi.

Kozi ilipoanza, mimi nilitumwa, mzee akabaki. Tulikuwa walinzi kama ishirini, kutoka mageti ya Kitengela na Kajiado. Mtafiti ndiye aliyeifungua. Alitusomea orodha ya masomo: kupokea wageni, kukagua gari, kuzima moto, huduma ya kwanza. Somo la saba lilikuwa kujikinga na vumbi.

"Somo la kuandika kitabu cha wageni tulikuwa tumeliweka," alisema, "lakini tulikaa mageti mengi na hatukuona shida. Mnaandika haraka sana. Tukaliondoa."

Jirani yangu alitazama viatu vyake. Wa mbele yangu pia aliinamisha kichwa. Nikafikiri huenda kila geti lilikuwa na mzee wake. Sikuhisi aibu wala hasira. Niligeuza karatasi nikangoja somo la kwanza.

Siku ya mwisho tulipewa fomu. Swali la mwisho liliuliza kozi ilikosa nini. Wengine walijaza wakaenda chai. Mimi nilibaki na kalamu. Mtafiti alikuja kukusanya, akaona sijamaliza, akavuta kiti.

"Andika tu. Sina haraka."

Niliandika: *Siku ile mwenzangu ndiye aliandika. Mimi naandika polepole na nitaondolewa.*

Nilipoinua kichwa chai ilikuwa imekwisha. Alisoma, akatazama saa, kisha akanitazama mkono.

"Na wengine?"

"Sijui, madam."

Aliiweka fomu yangu juu ya zingine, halafu akaitoa akaikunja peke yake.

Nilirudi kazini Jumatatu. Jumatano jioni foleni ilifika barabarani. Msimamizi hakupiga kelele. Alichukua kitabu mkononi mwangu akampa mzee, akanionyesha njia ya geti la nyuma. Nikaenda.

Baadaye mzee naye alipelekwa kozi. Aliporudi alikuja nyuma kunisalimia, ana karatasi.

"Sopa, kijana. Sasa somo la kwanza ni kitabu. Siku nzima! Wanasema uandike namba ya gari kwanza, mgeni aingie. Jina atakuachia akitoka."

"Wameandika hivyo?"

"Soma mwenyewe. Mimi sihitaji, ni wewe wa kuchora."

Niliisoma mara mbili, nikaiweka mfukoni. Huku nyuma magari hayapiti. Wanapita wenye punda wa kubeba maji, asubuhi na mchana. Hakuna kitabu. Nina daftari langu mwenyewe, na kila mmoja akipita naandika saa, naye anaendelea na safari.