Mrija Uliobonyea Mteremkoni

Mume wangu hakuwa mlevi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa na watu ambao siku ile hawakuwapo: eti aliibamiza pikapu kwenye ukuta wa ghala akiwa amelewa, mke na binti yake wakiwa ndani. Mke huyo ni mimi. Nilikaa katikati yao, magoti yakigusana na gia, na harufu pekee iliyomtoka ilikuwa ya dizeli.

Alikuwa fundi wa magari, na wenzake walimwita Kimya. Injini ikinguruma alifumba macho, akaweka kiganja juu ya boneti, na hapo hata umwite kula hakuitikii. Mimi nilikuwa mwalimu, nimezoea kujibiwa, lakini kwa hilo nilimsamehe mapema.

Pikapu ilikuwa yetu. Binti yetu, kifungua mimba, ndiye aliyeiendesha, akishusha maziwa ya wafugaji wa mlimani hadi kituo cha kupozea kule bondeni. Ikaanza kuzimika. Si kila siku, na kamwe si uani, ambako baba yake aliingurumisha mpaka majirani wakanung'unika. Ilizimika mteremkoni tu, kisha ikikaa kidogo inawaka kama kawaida.

"Baba, hili gari linakuogopa," binti alitania. "Likikuona tu, adabu tele."

Baba yake alibadilisha chujio cha dizeli. Akatoa hewa kwenye mabomba ya dizeli. Gari likatulia, nasi tukapumua. Kisha binti akarudi mdomo umepasuka. Injini ilikuwa imezimika kwenye kona ya juu ya machimbo ya mawe, usukani ukawa mzito, breki zikakakamaa, akaona afadhali aliegemeze gari kwenye ukingo wa udongo kuliko kutumbukia shimoni.

"Huliendeshi tena," baba yake akamwambia.

"Na maziwa ya watu yatembee kwa miguu? Kesho nateremka, baba, uwe umelitengeneza au hujalitengeneza."

"Una kichwa kigumu wewe."

"Nimekirithi. Tena si kwa mama."

Sikucheka. Nilikuwa natazama damu kwenye kola yake.

Kulipokucha mume wangu alikata bomba la dizeli, akaunga mrija laini unaoonyesha ndani, akaupitisha dirishani hadi mapajani mwangu.

"Mama watoto, kazi yako ni kutazama mrija. Ukiona mapovu, ujue hewa inaingia mahali. Usitazame barabara."

"Na nisipoona mapovu?"

Alishika usukani mwenyewe, na binti, aliyekataa kubaki, akakaa mlangoni.

Tukaanza kuteremka. Dizeli ilikuwa safi, haina hata povu. Nilisikia kokoto zikiruka chini ya magurudumu. Mara mrija ukanywea vidoleni mwangu kama shavu la mtu anayefyonza.

"Unabonyea!" nikapiga kelele. "Hamna povu, unabonyea!"

Injini ikakata. Gari halikusimama, lilizidi kwenda, na sasa lilikwenda bila sauti. Mume wangu alikanyaga breki kwa uzito wake wote, akavuta usukani kwa mikono miwili, binti naye akaning'inia kwenye breki ya mkono. Tuliukwaruza ukuta wa ghala la kando ya barabara mpaka mwendo ukatuishia.

Mume wangu alishuka akipepesuka, anacheka, machozi yanamtoka. Hayo ndiyo waliyoyaona wapakiaji wa ghala, wakaenda kuyasimulia. Mimi niliona mtu aliyetetemeka hata spana ikamponyoka.

"Si hewa," aliniambia. "Kuna kitu ndani ya tangi. Gari likiinama, dizeli inakisukuma mbele, kinanata kwenye mdomo wa bomba, pampu inafyonza bure. Injini ikizimika kinaachia. Ndiyo maana uani sikioni."

Tangi liliposhushwa, ndani mlielea kipande cha mfuko wa nailoni. Mpira wa kifuniko ulikuwa umechakaa, na mtu fulani alikuwa akitandaza nailoni chini yake ili dizeli isimwagike. Kipande kikachanika, kikaingia. Alikuwa mtu wa nyumba hii, na alidhani anasaidia.

Mume wangu aliutambua ule mfuko. Aliukausha kwa kitambaa, akauchoma.

"Hili liishie hapa, mke wangu."

Binti yetu aliteremsha maziwa, na anaendesha hadi leo. Baba yake aliishi miaka mingi baadaye, akafa kitandani kwa maradhi, na uvumi wa pombe ukamfuata mpaka kaburini. Angeweza kuuzima kwa kueleza kilichokutwa tangini, lakini watu wangedai jina la aliyekiweka. Hakulitaja.

Jina hilo nalijua. Mkiniuliza msibani, sokoni au mlangoni kwangu, jibu ni moja: sisemi.