Silinda ya Tatu

Mimi nilijua injini ya gari kabla sijafungua boneti hata moja. Niliijulia jela, hapo Nyeri, kwa karatasi zilizokuja na posta kutoka Nairobi, na mtu akinicheka kwa hiyo nitamuuliza yeye alijifunzia wapi.

Niliingia kwa sababu ya ngumi. Karani wa kahawa huko kwetu Giakanja alimwita mama yangu mwongo mbele ya foleni nzima, nami sikungoja amalize. Hakimu aliniuliza kama najuta. Nikamwambia mkono ndio unauma kidogo. Akaniongezea miezi.

Shule niliacha mapema, lakini kusoma sikuacha. Nilisoma gazeti lililofungiwa nyama, nikasoma maandishi ya chupa ya dawa ya ng'ombe, na Kiingereza nikajifundisha na kamusi ambayo ilikuwa imenyofoka mwanzo. Mpaka leo maneno ya A na B yananipiga chenga. Kwa hivyo sajini wa masomo alipoingia wodi yetu kuuliza nani anataka kozi ya ufundi wa magari kwa njia ya posta, nilikuwa nimesimama kabla hajamaliza.

Tulisimama wanne. Mmoja alikuwa bucha wa Karatina, mtu wa vichekesho. Mwingine alikuwa kijana wa Kisii, mpole, ambaye alikuwa akiongea tu akiulizwa. Wa nne ni yule tulikuwa tunamuita Mzee, wa Endarasha. Yeye alifungwa kwa kukata mitarakwa kwa msitu ya serikali achome makaa. Mzee ndiye alikuwa na shida ya kweli. Watu wa kwao walikuwa wamenunua trakta kwa ushirika, na walikuja kumwambia hapo kwa waya ya wageni: ukitoka na cheti, wewe ndio utaitengeneza. Ukitoka bila cheti, wewe ni mfungwa tu, na trakta tutampa mtu mwingine.

Karatasi zilikuja na picha nzuri za pistoni na valvu. Injini yenyewe hatukuwa nayo. Gari la jela tulikuwa tunaliona likipita getini, likituachia moshi.

Mzee ndiye alisema, "Kwetu mtu halimi peke yake. Tufanye ngwatio."

Kila mtu kwetu anajua ngwatio. Leo tunalima shamba yako sisi wote, kesho yangu, kesho kutwa ya yule mwingine, na mwishowe mashamba yote yamelimwa sawa. Basi tukalima masomo hivyo. Jumatatu maswali ya Mzee, tunafikiri wote mpaka jibu limekaa vizuri. Kesho yake ya bucha, jibu ni lile lile, maana shamba likishalimwa vizuri utalilima namna gani ingine? Mimi nilikuwa natafsiri, lakini kufikiri kulikuwa kwa wote.

Na kwa vile injini hatukuwa nayo, tukawa injini. Tulijipanga kwa mstari kwa uwanja, tumevaa zile nguo zetu za milia, tulizokuwa tunaziita kunguru. Mimi silinda ya kwanza, Mkisii ya pili, Mzee ya tatu, bucha ya nne. Ukivuta hewa unachuchumaa. Ukiikaza unainuka na pumzi umeifunga. Ukilipuka unashuka, "pu." Ukitoa moshi unainuka ukipuliza. Moto unaenda kwa kwanza, tatu, nne, pili, halafu unarudi. Wafungwa wengine walituzunguka wakicheka.

"Hii gari inaenda wapi?" mmoja akauliza.

"Karatina," bucha akasema akiwa amechuchumaa. "Lakini wewe hatukubebi, unanuka."

Tulienda hivyo mpaka somo lililo karibu na mwisho. Halafu sajini akaniita ofisini na barua ya chuo mkononi. Alikuwa mtu wa Kakamega, mnene, na alikuwa anasoma polepole kama mtu anatembea kwa matope. Barua ilisema majibu ya wanafunzi wanne yamefanana mpaka vituo. Yule aliyefanya kazi aandike jina lake, ataendelea. Wale watatu walioiba wataondolewa.



"Andika jina yako, kijana," sajini akasema. "Kila mtu anajua Kiingereza ni yako."

"Afande, nani ameiba? Shamba ikilimwa na watu wanne, utasema watatu ni wezi?"

"Mimi sijasema. Ni barua imesema."

"Basi barua ni mjinga."

Nikatupa penseli. Ilimpiga kwa kofia, na kwa hiyo niliosha ndoo za choo wiki nzima. Nilikuwa nikiziosha Mzee akaja akachuchumaa kando yangu kama silinda.

"Kamwana," akasema, "andika jina. Wewe uko na miaka mingi mbele. Mimi makaa nayajua."

"Utarudi kukata mitarakwa ufungwe tena?"

"Nikifungwa nitakuja kusoma tena."

"Mzee, usiniambie hiyo maneno. Trakta ni yako. Mimi siandiki jina yangu peke yake hata wanifunge miaka mingine."

"Unapenda sana kufungwa wewe," akasema, lakini alichukua ndoo moja akaanza kuisugua.

Jioni hiyo niliandika barua kwa chuo. Ilikuwa barua tamu sana, kila mtu huko Nairobi alikuwa na tusi lake. Lakini barua zote za wafungwa zinasomwa na sajini kwanza. Akaisoma yote, polepole, akicheka kwa pua, kisha akaipasua.

"Hii nikiiposti, kozi inaisha na wewe unaongezwa. Andika ingine. Waeleze hiyo kitu yenu ya kulima. Mimi mwenyewe kwetu tuko nayo, lakini watu wa maofisi wamesahau."

Nikaandika ingine. Niliwaeleza ngwatio, na nikaomba jambo moja: wasituamini. Watutumie mtihani wa mwisho, kila mtu na maswali yake tofauti, watutenganishe, waone kama kuna mwizi. Chini sajini akaongeza mstari wake kwamba yeye atasimamia, na akagonga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikatingika.

Jibu la chuo lilichelewa. Mzee aliacha kuongea juu ya trakta. Mimi kila asubuhi nilikuwa naipanga injini kwa uwanja, atake asitake, na akisema amechoka nilimwambia silinda haichoki.

Wakakubali. Walituma bahasha nne zilizofungwa, na Kiswahili kimeruhusiwa. Sajini alituweka kanisani, kila mtu kwa kona yake, yeye akakaa mbele na karatasi ya sheria. Maswali yangu yalikuwa ya breki. Niliyafanya, nikageuza macho kwa kona ya Mzee.

Mzee hakuwa ameandika kitu. Alikuwa ameshika penseli kama msumari, anaangalia swali moja. Baadaye aliniambia ndilo lilikuwa na alama nyingi: silinda ya kwanza inalipuka, hizi zingine tatu zinafanya nini wakati huo? Kwa uwanja angejua bila kufikiri. Lakini sasa hakuna mtu kushoto wala kulia. Niliona mdomo wake ukitafuta.

Nilitaka kusimama. Mguu ulikuwa umeshatoka chini ya benchi. Kuchuchumaa tu mara moja, "pu," angeona. Na tungekuwa wezi kweli, sisi wote wanne. Nilikalia mikono yangu miwili mpaka ikafa ganzi.

Halafu Mzee akasimama. Akavuta pumzi, akaifunga, akainuka kwa vidole.

"Mzee, ni nini? Unaumwa tumbo?" sajini akauliza.

"Hapana, afande. Mimi ni silinda ya tatu. Nakaza hewa."

Sajini akaangalia karatasi ya sheria juu mpaka chini, akaigeuza nyuma. "Kuchuchumaa haijakatazwa," akasema. "Endelea."

Mzee akasogea pahali bucha husimama, akashuka akivuta hewa. Akazunguka mpaka pahali pa Mkisii, akainuka akipuliza. Alituweka sisi wote pale kwa kona, mmoja mmoja, na mwili wake. Halafu akakaa chini akaandika.

Mimi niliachiliwa kabla majibu hayajafika. Nilikuwa na haki ya kwenda nyumbani Giakanja, lakini nilipata kibarua cha kubeba mbao hapo mjini, nikakaa. Siku ya wageni nilikuwa wa kwanza getini, na sukari na sabuni.

Mzee alikuja kwa waya akitembea taratibu makusudi, kunitesa.

"Sema," nikamwambia.

"Habari ya mama?"

"Mama ni mzima. Sema, Mzee."

"Wewe umepita. Mkisii amepita." Akajikuna shingo. "Na watu wa kwetu wamesema nikitoka na cheti changu wataniletea ile sehemu ya trakta imekufa, nianze kuiangalia."

Nilishika waya kwa mikono yote miwili, na askari akaniambia niachilie. Nikaachilia. 

"Bucha ameanguka," Mzee akaendelea. "Breki zimemshinda. Wamesema atarudia mtihani, kwa hivyo tunamfundisha. Lakini wewe umetuacha na shimo pale mbele."

"Nani anasimama kwa silinda ya kwanza?"

Mzee akaangalia nyuma, akateremsha sauti.

"Sajini," akasema. "Lakini yeye ni mzito. Akishuka, hainuki mpaka tumshike mkono."