Siku Nilipindua Historia ya Azabu

Bandugu, aibu ya siku ile siwezi kuificha, maana auditoire nzima, wanafunzi wote wa darasa letu, ilikuwako, na mubaya zaidi baba yangu mudogo naye alikuwako (ni miye mwenyewe nilimwita atoke Irumu kuja kunisikia, kiburi tu!).

Miye ni mama wa watoto watatu, niko nasoma droit, masomo ya sheria, hapa Bunia, na Profesa alinipatia exposé ya kueleza mbele ya wenzangu: namna mawazo juu ya azabu yalibadilika tangu zamani mpaka leo. Nikaomba notes za rafiki yangu Furaha, nikapiga fotokopi, dada wa fotokopi akaniuliza, "Mama, nitie numero kwa kila karatasi?" Nikamujibu, "Acha, niko na haraka." Kosa ni pale! Njiani moto, ile pikipiki yenye kunibeba, ikaingia mu shimo, sakoshi ikafunguka, karatasi zote zikatawanyika mu matope, nikaokota, nikaanika, kisha nikapanga vile kichwa changu kilipenda, bila kuangalia hata mwaka mumoja.

Basi nikasimama, sauti juu kama muhubiri, nikasema école ya kwanza, kundi la kwanza la wenye mawazo, walikuwa wale wenye kusema tumuchunguze muharifu mwenyewe, mwili wake na maisha yake, kiisha wale wenye kuitwa ba classiques wakakuja kuwapinga: hapana, mutu anachagua ubaya kwa akili yake, azabu ipimwe sawa na kosa.

Profesa akavua miwani. "Mama Neema, ba classiques waliandika mbele hata wale wengine hawajazaliwa. Waliwapinga namna gani?"

Ningesema pardon, ingeishia pale. Miye nikajibu, "Profesa, walikuwa na maono."

Watu wakapasuka kicheko. Kwa kujiokoa nikanyakua karatasi ya kufuata, nikasoma kwa nguvu: "Na école ya tatu inasema, sauti ya kwanza wavae bleu, sauti ya pili wafike mapema!" (Ilikuwa programme ya korali yetu, waimbaji wa kanisa, niliiokota pamoja na zingine mu matope.)

Ndipo baba mudogo akasimama kule nyuma, kofia mukononi, kama vile anasimamaga mu baraza ya kwao kwenye anakataga maneno. "Profesa, huyu ni mutoto wangu. Amekosa, lakini hakuiba."

Nikatamani sakafu inimeze. Profesa akazuia kicheko. "Muzee, tumupe azabu gani?"

"Arudilie. Mbele ya hawa hawa."

Kufika nyumbani, baba mudogo alicheka mpaka machozi, kiisha akaketi nami kwenye mukeka, karatasi mbele yetu. Kifaransa hasomi, lakini kwa kila moja aliniuliza swali moja tu: "Hawa walikuwa wanagombana na nani?" Nami nikaona. Ba classiques waligombana na wafalme wenye kutesa na kuua vile wanapenda. Wale wa kuchunguza muharifu walikuja nyuma, kwa kuwa azabu zilipimwa vizuri lakini watu ni wale wale wanarudi mu prizo, gerezani. Kiisha wengine wakauliza namna gani mutu huyo atarudi kuishi na wenzake. Karatasi zikajipanga zenyewe!

Juma lililofuata nikarudilia, watu wakaandika, nikapata pointi nzuri kuliko nilivyotumaini. Leo nikifungua kitabu cha sheria, naulizaga kwanza kinamujibu nani. Na nimeapa: penye sijui nitasema sijui, hata kama ukoo muzima umekuja kunisikiliza.